Dereva alikataa kuvuka laga, sasa chama hakitaki kumlipa. Nishaurini

Fundi wa Langalanga (Nakuru)

Hamjambo nyote. Naandika nikiwa na deni la mtu mkononi, na Jumapili saa kumi tuna mkutano. Nitasimulia yote, mnivumilie.

Mimi nashona sare za shule hapa Langalanga. Chama chetu kina wanawake wanane na mimi ndiye mweka hazina. Kwa miezi 18 tulichanga shilingi 300 kila wiki, kila mtu elfu 23 na mia 4. Mara hii pesa hazikuwa za sufuria wala viti vya plastiki, zilikuwa za kwenda kuona wanyama wa jangwani. Wanyama Nakuru tunao, mbuga iko mlangoni. Lakini tulitaka kuona wale ambao kwetu hawapo: choroa, swala twiga, mbuni wa kaskazini mwenye shingo ya samawati, na punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio ya duara. Njia ilikuwa Nyahururu, Rumuruti, tulale Maralal, kisha Baragoi, South Horr, mpaka Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Siku tano kwenda na kurudi.

Tulikodi Land Cruiser ndefu pamoja na dereva kutoka kampuni moja ya hapa mjini. Tukalipa sehemu kubwa, zikabaki elfu 36 za kumalizia tukirudi.

Tulichagua wiki ya mwisho ya Aprili. Nakuru ilikuwa inanyesha kila alasiri, nguo hazikauki, tukasema heri tukakimbilie jua. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba masika hufika hadi jangwani. Kampuni nayo haikutuambia neno.

Siku ya pili tuliondoka Maralal alfajiri. Tulipopita Baragoi tulianza kuwaona. Choroa sita wamesimama uwandani, pembe zimenyooka juu kama mikuki. Swala twiga mmoja amesimama kwa miguu ya nyuma, shingo ndani ya mgunga, anafikia majani ya juu kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba iliyofungwa mbali. Punda milia watatu. Mwenzetu mmoja anayeuza mboga Free Area alilia. Ana miaka 52 na hajawahi kupita Nyahururu.

Saa nane hivi, kabla ya South Horr, tukafika kwenye laga. Kwa ambaye hajaiona, laga ni mto wa mchanga usio na maji karibu mwaka mzima, na barabara inashuka ndani yake na kupanda ng'ambo, daraja hakuna. Mchanga ulikuwa mkavu. Juu yetu jua kali. Ila upande wa Mlima Nyiro mawingu yalikuwa meusi kama kitako cha sufuria.

Dereva akasimamisha gari, akashuka, akatembea mpaka katikati ya mchanga. Akachutama, akachimba kidogo kwa mkono. Akarudi akasema, "Akina mama, hapa hatuvuki."

Hata hajamaliza kusema, pikapu iliyobeba mbuzi ikatupita, ikavuka, ikapanda ng'ambo, ikaenda zake. Hapo kelele zikaanza. Mwenyekiti wetu akamwambia dereva anaogopa mchanga mkavu. Mwingine akasema hatukulipia kivuli cha mgunga, tulilipia Loiyangalani. Dereva hakubishana na mtu. Alirudisha gari nyuma mpaka juu kwenye mwinuko wa mawe, akazima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Niliangalia saa kwa sababu mimi pia nilikuwa na hasira. Zilipita dakika 25. Kwanza tukasikia sauti kama lori linalomwaga kokoto, lakini kokoto zenyewe haziishi. Kisha maji yakatokea kwenye kona, uji wa kahawia, mbele yake povu na matawi na mizizi, nyuma yake mbuzi aliyekufa, miguu juu. Pale alipochutama dereva hapakuonekana tena. Gogo refu kuliko gari letu lilipita mbele ya macho yetu likizunguka kama kijiti. Wanawake wanane, na hakuna aliyefungua mdomo.

Halafu mvua yenyewe ikatufikia. Ulianza upepo, vumbi mpaka kwenye meno, kisha mvua ya mawe ikipiga bodi ya gari na radi juu yake. Dereva akatukataza kushuka, hata kwa anayetaka kujisaidia, mpaka radi zitulie. Tulilala watu tisa ndani ya gari. Baridi ile sikuitarajia. Nilikuwa nimebeba leso mbili nyepesi tu, kwa kuwa naenda jangwani.

Usiku, mama mmoja Msamburu alitoka manyatta ya karibu, yaani boma la kwao, na tochi, pamoja na mvulana wa miaka saba hivi. Alituletea chai ya maziwa na mablanketi mawili. Hatukuwa na lugha moja, ila "asante" tulielewana. Asubuhi katika haraka za kufungasha, blanketi moja lilibaki garini. Liko hapa nyumbani kwangu. Linanikaa rohoni kuliko hata hizo pesa.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamepungua lakini bado yanakwenda. Dereva aliingia na fimbo, yakamfika pajani kabla hajafika katikati, akarudi. Saa sita akajaribu tena, akarudi. Akasema mbele kuna laga nyingine na hajui zikoje. Tukageuza. Ziwa hatukuliona.

Sasa chama kinasema hivi: pikapu ilivuka, kwa hiyo nasi tungevuka. Dereva katuharibia safari ya miezi 18, elfu 36 zisilipwe. Kampuni nayo imeniambia kwa simu kwamba bila hizo pesa dereva hatalipwa siku zake.

Pesa ziko kwenye simu yangu. Mimi nataka kulipa. Lakini mkutanoni si msemaji, na habari za magari na mito sizijui. Mnaoijua barabara ile, niambieni: kama tungeifuata ile pikapu, ingekuwaje? Na je, ni haki kumlipa kamili mtu aliyetufikisha nusu ya njia?

Lori la Maralal

Mama, pole kwa baridi na pole kwa safari. Mimi napeleka unga na saruji Baragoi na South Horr, huu mwaka wa kumi na moja. Nianze na pikapu.

Pikapu ya mbuzi ni ya mtu wa kule. Analala kule, na akikwama anapiga kelele ndugu zake wanakuja na kamba. Nyinyi mlikuwa watu tisa na mizigo na mitungi ya maji. Gari zito hivyo likipunguza mwendo kidogo tu katikati ya mchanga, linakaa. Kulitoa ni kupunguza upepo wa tairi, kuchimba kila gurudumu, kuweka matawi na mawe, kujaribu, kuchimba tena. Mimi na turnboi wangu hiyo ni saa nzima, na tumezoea. Nyinyi mlikuwa na dakika 25.

Lakini tuseme mmevuka salama. Mvua ya Nyiro haishuki kwenye laga moja, inashuka kwenye zote zinazotoka mlimani. Mngekuta ya mbele imejaa, mkigeuka ya nyuma imejaa. Mnalala katikati ya mito miwili, na hapo pengine hakuna manyatta wala chai.

Alichofanya dereva wenu ndicho tunachofanya sote tuliobaki hai. Unatazama mlima kwanza, si mchanga. Unazima injini ili usikie. Unachimba kwa mkono kujua kama maji ya jana bado yako chini, maana mchanga mkavu juu na wenye maji chini humeza gurudumu. Maji yakishakuja, unachomeka kijiti ukingoni na kungoja uone yanapanda au yanashuka. Yakimfika mtu pajani hapo gari haliingii. Maji ya sentimita 30 yanatosha kuelesha gari dogo, na ya sentimita 60 yanabeba hata hizi kubwa tunazojivunia.

Kuhusu nusu ya njia: aliendesha siku zilezile, akachoma mafuta yaleyale, akalala kwenye kiti. Mlipe huyo mtu.

Kondele Kwetu (Kisumu)

Niseme tofauti kidogo. Dereva alipwe, hapo hatuna ubishi. Lakini kampuni mnaiacha iende hivihivi?

Masika ni Machi hadi Mei, na kaskazini pia hunyesha miezi hiyo, ila kidogo na kwa ghafla. Kila mwenye kampuni ya safari anajua. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa msimu kabla haujaanza, halafu wa siku saba, tena kwa kila kaunti. Aliyewauzia Loiyangalani mwisho wa Aprili kwa watu ambao hawajawahi kwenda, bila kuwaambia wabebe blanketi na waweke siku moja ya akiba, huyo ana kosa lake. Na kumshika dereva mshahara mpaka nyinyi mlipe ni kosa la pili. Dereva ameajiriwa na wao, hakuajiriwa na chama.

Sisi tuliokulia Nyando tunajua maji yanavyodanganya. Kwako chini kumekauka, watoto wanacheza mpira, lakini mzee akiona giza juu ya milima ya Nandi na Tinderet anafungua ng'ombe anawapeleka juu. Mvua si lazima ikunyeshee ndipo ikuchukulie nyumba. Mtu wa Budalang'i atakwambia hivyohivyo kuhusu Mto Nzoia, ambao maji yake yanatoka Cherang'any na Mlima Elgon.

Dada, fanya hivi: lipa elfu 36, na uandike kwenye ujumbe kwamba ni pamoja na siku za dereva. Kisha andika barua tofauti kudai punguzo la safari nyingine. Mlikuwa na mkataba?

Fundi wa Langalanga (Nakuru)

Mkataba hakuna, kaka. Nina risiti tu, imeandikwa "safari Turkana siku 5". Nimejifunza.

Hilo la laga mbili sikulijua kabisa. Nimelisoma mara tatu. Nilikuwa nimefikiri ile moja ndiyo ilikuwa shida.

Mwana wa Karagita (Naivasha)

Mama, wenzako wanasema hayo kwa sababu wanaona mambo ya laga ni ya huko mbali. Waambie ni ya kaunti hii hii ya Nakuru. Tarehe 22 Aprili 2012 maji yaliingia ghafla kwenye korongo la Ol Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, yakaua vijana 7 wa kanisa waliokuja kutembea. Septemba 2019 yakaja tena, yakaua tena, korongo likafungwa. Ukiwa chini kwenye korongo lile unaona ukanda mwembamba tu wa anga. Mvua inanyesha juu huko kwenye miteremko, wewe unapiga picha.

Na mafuriko ya Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, nani hapa Nakuru amesahau? Watu walikuwa wamelala vitandani mwao.

Mimi huwapeleka wageni kwa baiskeli kule Hell's Gate. Nimetukanwa na wageni mara nyingi kwa kukataa. Mtu amelipa kiingilio, amelipa baiskeli, ametoka Nairobi asubuhi, na mimi namwambia leo hatushuki kwa sababu ya wingu ambalo yeye halioni. Siku tisa kati ya kumi hakuna kinachotokea, na ananiona mwongo. Dereva wenu alibahatika kwamba maji yalikuja mkayaona. Yangepita usiku mmelala Maralal, mngesema aliota.

Binti wa Wamba

Nimekaa kimya nikisoma, lakini hilo la blanketi limenitoa.

Kwanza la wanyama, kwa sababu ndilo mlilolipia. Hata mngevuka, msingeona mlichotarajia. Wakati wa kiangazi wanyama wanakaribia maji machache yaliyopo na ni rahisi kuwaona. Mvua ikinyesha, kila shimo lina maji, kila kichaka kina majani, wanatawanyika. Choroa na swala twiga hata hawategemei mto sana, maji mengi wanayapata kwenye majani. Wale sita mliowaona ni bahati, mshukuru.

Njooni mwisho wa Januari au Februari, au Juni mpaka Septemba. Bebeni sweta miezi yote. Na upepo wa kule ziwani si wa kuchezea, unashuka usiku kutoka Mlima Kulal mpaka unang'oa hema. Njiani mngeona mitambo 365 ya umeme wa upepo, haikuwekwa pale kwa mapambo. Mkiona punda milia wa Grevy mpigeni picha ubavu wa kulia. Tangu 2016 wananchi wa kawaida wamekuwa wakisaidia kuwahesabu kwa picha kama hizo, kwa sababu kila mmoja ana mistari yake kama sisi na alama za vidole. Wamebaki karibu 3,000 tu duniani, wengi wao hapa Kenya.

Pili, ningependa mjue usiku ule ulikuwa usiku gani kwa yule mama. Kwetu Wasamburu Nkai ni Mungu, na Nkai ndiyo mvua, neno ni moja. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ilipita bila mvua ya maana. Mifugo iliisha, na punda milia pia walikufa. Kwa hiyo mvua ikija hatuwezi kuiita hali mbaya ya hewa. Lakini mvua hiyohiyo inaua. Mbuzi aliyekondeana akinyeshewa usiku kucha na upepo, asubuhi amekufa kwa baridi. Huyo mliyemwona majini pengine hakuzama, pengine alikuwa amekufa tayari. Na hata mto mkubwa wenye hoteli kando yake huamka: Machi 2010 Ewaso Nyiro ulizoa kambi za wageni ndani ya hifadhi ya Samburu, kwa mvua iliyonyesha huko juu nyanda za baridi.

Sasa niulize. Usiku kama huo, yule mama alikupeni mablanketi mawili. Yeye na mtoto walibaki na mangapi?

Lirudishe, mama.

Fundi wa Langalanga (Nakuru)

Mkutano umekwisha jana. Naandika nikiwa bado na sauti ya kukauka.

Sikusoma maneno yenu yote, nilisoma mawili. Nilisoma la laga mbili, kisha nikasoma swali la Binti wa Wamba. Niliposema "walibaki na mangapi", yule mwenzangu wa Free Area akasimama akasema kama chama hakilipi, yeye atamlipa dereva kutoka kwenye mboga zake, na anataka jina lake lifutwe kwenye kitabu. Tukapiga kura. Watano walisema alipwe, wawili wakakataa, mmoja hakuinua mkono. Mwenyekiti ni mmoja wa waliokataa. Amenisalimia leo asubuhi, lakini kwa mbali.

Nimetuma elfu 36 jana saa kumi na mbili jioni na kuandika kama alivyoniagiza kaka wa Kisumu. Dereva mwenyewe nilimpigia. Nilimwambia samahani kwa zile kelele. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama yule mama aliyekuwa akikohoa garini amepona. Barua ya kampuni mwanangu ananisaidia kuiandika kesho.

Tumekubaliana Februari. Tumeanza upya na shilingi 200 kwa wiki, wanawake sita.

Lori la Maralal, nakuomba jambo. Ukipita Nakuru, unaweza kunibebea mzigo mdogo? Mahali ni laga ya mwisho kabla ya South Horr ukitokea Baragoi, kulia kuna mwinuko wa mawe meusi, na manyatta iko nyuma yake.

Lori la Maralal

Napajua. Mwenye mbuzi wengi weupe, mbwa mmoja kilema. Napakia Nakuru Jumanne, nitakuwa kwenye mzani wa saruji tangu saa kumi na mbili asubuhi. Leta.

Fundi wa Langalanga (Nakuru)

Nitakuwa hapo. Blanketi ni jekundu lenye mistari myeusi. Nimelifua, na kwa mvua hizi lilichukua siku tatu kukauka. Nimeliweka na jingine zito nililonunua, na kilo mbili za majani chai. Ndani kabisa kuna kaptula ya shule ya yule mvulana, ya buluu. Kiuno nilikikisia kwa macho ya usiku, kwa hiyo nimetia lastiki. Ikiwa kubwa, mwambie mama ake akate uzi upande wa kushoto avute, nimeacha fundo.